Sinkronia ya Data: Ulinganifu wa Usomaji katika Utoaji wa Kanzidata za Kamusi na Korpasi

Ikisiri
Kamusi na korpasi nyingi siku hizi huhifadhiwa katika kanzidata, na mtafiti hufanyia kazi nakala iliyotolewa humo. Makala haya yanafafanua jinsi nakala hiyo inavyoweza kuchanganya hali za nyakati tofauti iwapo wahariri wanaendelea na kazi wakati data inatolewa, na yanaeleza namna ya kuepuka kosa hilo. Yanahitimisha kwamba wakati wa nakala ni sehemu ya data yenyewe.

1.0 Utangulizi
Tangu kuchapishwa kwa mihadhara ya Ferdinand de Saussure mwaka 1916, wanaisimu wamezoea kutenga mkabala wa kisinkronia, unaochunguza hali ya lugha katika kipindi kimoja, na mkabala wa kidaikronia, unaofuatilia mabadiliko yake. Anayechanganya sarufi ya tenzi kongwe na ile ya magazeti ya leo, kisha akaieleza kama mfumo mmoja, huwa ameeleza lugha isiyowahi kuzungumzwa na yeyote. Kosa linalofanana na hilo hutokea katika data ya lugha kabla mchanganuzi hajaigusa, yaani wakati data inapotolewa katika kanzidata. Kwa kuwa hatua hiyo huachiwa mafundi wa kompyuta, athari zake kwa matokeo ya utafiti hazipewi uzito unaostahili.

2.0 Kiini cha Tatizo
Ichukuliwe kwamba kanzidata ya kamusi ina majedwali mawili, la vidahizo na la fasili, na kwamba kila fasili hubeba namba ya kidahizo chake. Utoaji unaanza saa nne asubuhi kwa kunakili vidahizo. Dakika tano baadaye, mhariri anaongeza kidahizo *barakoa* pamoja na fasili zake mbili. Saa nne na dakika kumi, programu inafikia jedwali la fasili na kulinakili lote. Nakala inayopatikana ina fasili mbili zisizo na kidahizo. Kanzidata yenyewe haikuwa na kasoro hiyo wakati wowote. Kasoro imezaliwa na usomaji.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi kugundulika. Neno *paa* lina vitomeo vinne vya kihomonimia: sehemu ya juu ya nyumba, mnyama wa porini, kitendo cha kwenda juu, na kitendo cha kuondoa magamba ya samaki. Tuseme kimoja kati ya hivyo kimo katika jedwali la rasimu, na mhariri anakihamishia katika jedwali la vitomeo vilivyoidhinishwa wakati utoaji unaendelea. Iwapo jedwali la rasimu limekwisha kunakiliwa na lile la pili bado, kitomeo hicho kitaonekana mara mbili. Iwapo mpangilio ni kinyume chake, hakitaonekana kabisa. Mchunguzi wa homonimia atahesabu vitomeo vitano au vitatu, wala hapatakuwa na ujumbe wowote wa kumtahadharisha.

3.0 Kinga ya Mifumo na Mipaka Yake
Mifumo kama Oracle, PostgreSQL na MySQL kupitia InnoDB hailazimiki kumsimamisha mhariri ili msomaji apate data yenye ulinganifu. Rekodi inapobadilishwa, toleo lake la awali huhifadhiwa kwa muda, na msomaji aliyeanza kabla ya badiliko huonyeshwa toleo hilo. Hata hivyo, kinga hii ina mipaka miwili.

Mpaka wa kwanza ni upeo wa ulinganifu. Katika kiwango cha kawaida cha PostgreSQL, kila kauli huona hali ya wakati ilipoanza yenyewe. Kwa hiyo majedwali yakisomwa kwa kauli tofauti, kila moja huwa sahihi peke yake, ilhali yote kwa pamoja hayawiani. Katika Oracle nako, programu ya expdp isipopewa maelekezo mahususi hulinda ulinganifu ndani ya kila jedwali, si baina ya majedwali.

Mpaka wa pili ni umri wa matoleo ya awali. Oracle huyaweka katika nafasi maalumu yenye ukomo. Utoaji ukichukua muda mrefu na wahariri wakibadilisha mengi, matoleo hayo hufutwa ili kupisha mapya, na kazi hukatizwa kwa kosa la ORA-01555. Kosa hili huudhi, lakini lina manufaa: mfumo umekataa kutoa jibu usiloweza kulithibitisha. Hatari zaidi ni nakala iliyokamilika kimyakimya ikiwa na mchanganyiko.

4.0 Njia za Kuepuka
Njia ya msingi ni kufanya usomaji wote uelekee wakati mmoja. Programu ya pg_dump hufanya hivyo yenyewe; anayetumia programu yake binafsi afungue muamala wa kiwango cha REPEATABLE READ kabla ya kusoma jedwali la kwanza. Kwa mysqldump, hutumika chaguo la --single-transaction, ambalo hufaa majedwali ya InnoDB tu, na kwa sharti kwamba muundo wa majedwali haubadilishwi wakati huo. Majedwali ya MyISAM hayana budi kufungwa. Katika expdp, hutajwa FLASHBACK_TIME au FLASHBACK_SCN.

Pili, matoleo ya awali yadumu kuliko kazi yenyewe. Utoaji ufanywe saa ambazo wahariri ni wachache. Katika Oracle, nafasi ya matoleo hayo ipanuliwe na thamani ya UNDO_RETENTION izidi muda wa utoaji. Kazi ikigawanywa katika sehemu, zote zisomwe kwa namba moja ya SCN, la sivyo mchanganyiko utarudi kwa mlango mwingine.

Tatu, nakala ikaguliwe: je, kuna fasili zisizo na kidahizo, vitomeo vilivyojirudia, au marejeleo mtambuko yasiyofika popote? Ukaguzi huu hubaini baadhi ya makosa tu. *Paa* aliyepotea bila kuacha alama hawezi kubainika kwa kuitazama nakala peke yake. Hapa kinga ni bora kuliko tiba.

5.0 Hitimisho
Watafiti wawili wanaohesabu utokeaji wa kiambishi *-ki-* katika korpasi ileile wanaweza kupata idadi tofauti. Pasipo kujua nakala zao ni za wakati gani na zilitolewaje, haiwezekani kuamua iwapo tofauti hiyo inatokana na vigezo vya uchanganuzi au na data. Anayetumia *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ya 1981 hutaja mwaka, na msomaji hujua ni toleo lipi. Faili iliyotolewa katika kanzidata haina jalada wala ukurasa wa hakimiliki. Ni wajibu wa mtafiti kuiandikia tarehe, saa na njia ya utoaji, na kuyataja hayo katika sehemu ya mbinu za utafiti sawa na anavyotaja idadi ya watoataarifa wake.