Programu inapovuna wateja katika sakata la mwenzake

Na Mwandishi Wetu, Miono

MWANZONI mwa Januari 2021, watumiaji wa WhatsApp katika nchi nyingi duniani walifungua simu zao wakakuta tangazo likiwataka wakubali masharti mapya ya faragha kabla ya Februari 8, ama wapoteze huduma hiyo. Haikuchukua siku nyingi habari zikaenea kwamba kampuni ya Facebook, ambayo ndiyo mmiliki wa WhatsApp na ambayo leo inaitwa Meta, sasa ingesoma ujumbe wa watu. Januari 7, tajiri wa Marekani, Elon Musk, aliandika maneno mawili tu katika ukurasa wake wa Twitter akiwahimiza watu watumie programu ya Signal. Mafuriko yakaanza.

Kwa mujibu wa hesabu za kampuni ya utafiti ya Sensor Tower, Signal ilipakuliwa mara milioni 7.5 kati ya Januari 6 na 10. Mwanzilishi wa Telegram, Pavel Durov, alitangaza Januari 12 kwamba programu yake ilikuwa imevuka watumiaji milioni 500, na kwamba milioni 25 kati ya hao walijiunga ndani ya saa 72 tu. Hata kampuni ndogo ya Texas iitwayo Signal Advance, isiyohusiana kabisa na programu hiyo, ilishuhudia bei ya hisa zake ikiruka kutoka senti 60 hadi zaidi ya dola 30 katika siku chache za biashara, kwa sababu watu walinunua jina bila kuuliza mwenye jina ni nani. Ilibidi Signal yenyewe ijitokeze hadharani kueleza kwamba hiyo siyo wao, kwani wao ni taasisi isiyotafuta faida na wala haina hisa za kuuza.

Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya habari iliyowahamisha watu haikuwa sahihi. Ujumbe wa kawaida kati ya mtu na mtu katika WhatsApp ulikuwa, na umeendelea kuwa, umefungwa tangu simu ya mtumaji hadi simu ya mpokeaji, kiasi kwamba hata kampuni yenyewe haiwezi kuusoma. Masharti mapya yalihusu hasa mazungumzo kati ya wateja na wafanyabiashara. Aidha, WhatsApp ilikuwa ikiipa Facebook baadhi ya taarifa za watumiaji tangu mwaka 2016, jambo ambalo wengi waliolalamika mwaka 2021 walikuwa wameishi nalo kwa miaka mitano bila kujua. Kwa hiyo palikuwa na hoja ya haki ndani ya sakata lile, lakini haikuwa hoja iliyokuwa ikisambazwa. WhatsApp ililazimika kununua kurasa nzima za magazeti nchini India kujieleza, na Januari 15 ikasogeza mbele tarehe ya mwisho hadi Mei 15.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wataalamu wa matangazo hawapendi kuulizwa. Mshindani wako anapopakwa matope, nusu kwa haki na nusu kwa uzushi, nawe unaona wateja wakimiminika kwako, je, una wajibu gani wa kusema ukweli usiokupa faida?

Telegram ilichagua mzaha. Katika siku zilezile ilirusha katika ukurasa wake video ya vijana wa Ghana wanaocheza na jeneza, marehemu akiwa ni masharti ya WhatsApp. Watu walicheka na kusambaza. Ambacho mzaha ule haukusema ni kwamba mazungumzo ya kawaida ndani ya Telegram huhifadhiwa katika mitambo ya kampuni na hayafungwi kwa namna ile ya WhatsApp. Ni "mazungumzo ya siri" pekee yanayofungwa hivyo, nayo ni lazima mtumiaji ayawashe mwenyewe, tena hayapatikani katika vikundi. Mtu aliyekimbia WhatsApp kwa kuogopa kusomwa, akaenda kuanzisha kikundi cha familia Telegram, alikuwa ametoka kwenye nyumba yenye kufuli na kuingia yenye pazia. Telegram haikusema uongo. Ilinyamaza tu, mahali ambapo kunyamaza kulikuwa na faida.

Signal nayo ilipata mtihani wake Januari 15, mitambo yake ilipozidiwa na huduma ikakatika kwa saa nyingi. Ilitangaza waziwazi kwamba ilikuwa imeongeza mitambo kila siku wiki nzima lakini idadi ya waliojiunga ilipita makadirio yake yote. Huduma iliporejea ilieleza pia kwamba baadhi ya watu wangeona alama za hitilafu katika mazungumzo yao, na sababu yake. Kwa kampuni iliyokuwa katikati ya wiki bora kuliko zote katika maisha yake, kukiri kuzidiwa mbele ya wageni ambao hata hawajazoea mlango si jambo dogo.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam, ambaye kuhama programu ni suala la kubonyeza mara mbili, haya yanaweza kuonekana ni malumbano ya matajiri. Hapa Miono yana sura nyingine. Hii ni kata ya wakulima katika Halmashauri ya Chalinze, wilayani Bagamoyo, na katika kata za namna hii kikundi cha WhatsApp ndicho daftari la ukoo: humo hupita taarifa za msiba, michango ya harusi, zamu za kikoba na bei ya ufuta. Kijana wa Kinondoni anapotangaza usiku kwamba "kuanzia kesho tunahama sote", ni shangazi yake wa Miono anayepaswa kutafuta bando la kupakulia, kumwomba mtoto wa jirani amsaidie kujisajili, na kufuta picha za wajukuu ili nafasi ipatikane kwenye simu. Asipoweza, msiba ujao utampita. Gharama ya hofu iliyokuzwa haimwangukii aliyeikuza, na ndiyo maana maneno ya wenye programu katika siku kama hizo yanahitaji kupimwa kwa mizani kali kuliko tangazo la sabuni.

Mfano ambao mwandishi wa makala haya anauona kuwa bora kuliko yote ulitokea Septemba 2017, kimbunga Irma kilipokuwa kikielekea Puerto Rico na Florida. Programu ya Zello, inayoigeuza simu kuwa kama redio ya upepo, ilipanda hadi kileleni mwa orodha ya zilizopakuliwa zaidi, na mamilioni ya watu walijiunga katika siku chache. Wengi wao walikuwa wameambiwa na wenzao mtandaoni kwamba Zello hufanya kazi hata intaneti ikikatika. Si kweli, Zello inategemea intaneti. Kampuni ingeweza kukaa kimya ihesabu wageni, kwani uzushi haukutoka kwake. Badala yake mkurugenzi wake, Bill Moore, alijitokeza mara kwa mara kukanusha, akisisitiza kwamba bila mtandao wa simu au Wi-Fi programu yake haifanyi kitu. Watu waliokuwa wakijiandaa na kimbunga walipaswa kulijua hilo kabla nguzo za umeme hazijaanguka.

Zoom ilikwenda njia nyingine. Desemba 2019 mikutano yake ilikuwa na washiriki wasiozidi milioni 10 kwa siku. Machi 2020, corona ilipowafungia watu majumbani, walifika milioni 200. Wakati wote huo ilikuwa ikijinadi kwamba mikutano yake imefungwa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, ilhali kampuni yenyewe ilikuwa na funguo. Aprili 2020 ilikiri kwamba maneno hayo hayakulingana na maana inayokubalika. Mwezi huohuo ilitangaza "watumiaji" milioni 300 kwa siku, kisha ikasahihisha kwamba ni washiriki wa mikutano, yaani mtu aliyeingia mikutano mitano kwa siku amehesabiwa mara tano. Novemba mwaka huo Tume ya Biashara ya Marekani iliibana kwa makubaliano rasmi, na mwaka 2021 ikakubali kulipa dola milioni 85 kumaliza kesi ya watumiaji.

Hapa nchini, sakata linalovuna wateja zaidi si la faragha bali la kufungiwa. Itakumbukwa kwamba kuelekea Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 28, 2020, Twitter, WhatsApp na mitandao mingine ilikuwa haifikiki kwa urahisi, na VPN, huduma inayopitisha mawasiliano kwa njia ya mzunguko kupitia mitambo ya nchi nyingine, ikawa gumzo la vijiwe. Hali kama hiyo ilijirudia Mei 20, 2025, mtandao wa X ulipoacha kufikika bila VPN. Kila mara hujitokeza matangazo ya VPN "za bure" na "salama kabisa".

Bure hiyo ina historia. Facebook iliwahi kumiliki VPN iliyoitwa Onavo Protect, iliyotangazwa kama kinga ya taarifa za mtumiaji, kumbe ilikuwa ikikusanya taarifa za programu anazotumia kwa manufaa ya kibiashara ya Facebook. Iliondolewa katika duka la Apple mwaka 2018, na Julai 2023 mahakama ya Australia ikazitoza kampuni tanzu mbili za Meta faini ya jumla ya dola za nchi hiyo milioni 20 kwa kuwapotosha watumiaji. Huyo ni mmiliki anayejulikana, mwenye ofisi na mawakili. VPN isiyotaja hata nchi inakotoka, mtu ataishitaki wapi?

Kuna jambo la pili ambalo matangazo hayo hulipita kimya. Oktoba 13, 2023, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilitoa tangazo likiwataka wanaotumia VPN kuwasilisha taarifa zao kabla ya Oktoba 30 mwaka huo, ikirejea kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020 ambazo zinagusa matumizi ya teknolojia za kufikia maudhui yaliyozuiwa. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu kanuni hizo, na mwandishi ana ya kwake. Lakini anayeuza huduma kwa Mtanzania akijua kwamba kuitumia kunaweza kumgusa kisheria, na asimwambie, anamfanyisha biashara ya hatari bila ridhaa yake. Sentensi moja ingetosha.

Sheria za kumlinda mteja zipo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka anayekusanya taarifa za mtu amweleze anazikusanya kwa lengo gani, na Tume iliyoundwa chini yake hupokea malalamiko. Ugumu ni kwamba wengi wa wenye programu hizi hawana hata dawati hapa nchini. Walio karibu ni watu maarufu wanaolipwa kuzinadi katika kurasa zao, nao mara nyingi hawajui kinachonadiwa zaidi ya maneno waliyoandikiwa.

Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchini na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Hapo VPN zote, za bure na za kulipia, zilikuwa sawa na zisizokuwapo, kwani VPN huzunguka kizuizi lakini haizalishi intaneti. Waliokuwa wamelipia kwa matumaini ya kubaki hewani walilijua hilo gizani.

Ndiyo sababu macho yamegeukia programu za aina ya Bitchat, iliyotolewa Julai 2025 na Jack Dorsey, mmoja wa waanzilishi wa Twitter. Hii haihitaji intaneti. Hurusha ujumbe kwa Bluetooth kutoka simu hadi simu iliyo jirani, nayo ikaupokeza mbele. Siku za mwanzo, baada ya kuhojiwa na wataalamu, iliwekewa onyo kwamba usalama wake haukuwa umekaguliwa na watu wa nje na kwamba isitegemewe. Ni nadra kuona mtengenezaji akiandika hivyo kuhusu bidhaa mpya. Hata hivyo, onyo lililoandikwa mahali wanaposoma wataalamu haliendi na uvumi. Uganda ilipokaribia uchaguzi wa Januari 15, 2026, mgombea wa upinzani, Robert Kyagulanyi maarufu kama Bobi Wine, aliwahimiza wafuasi wake waipakue, na mkuu wa Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo, Nyombi Thembo, akajibu kwamba wana uwezo wa kuizuia. Januari 13 intaneti ikazimwa.

Katika mabishano yale kilichosikika kidogo ni umbali. Bluetooth hufika makumi ya mita, hivyo mnyororo huu unahitaji simu nyingi, zilizowashwa, zenye programu ileile, zikiwa zimepangana njia nzima. Kariakoo saa sita mchana unaweza kufanya kazi. Kwenye mashamba kati ya Miono na Mandera, mtu anaweza kutembea muda mrefu bila kupishana na simu hata moja.