Mwanao akichaguliwa mjumbe wa kikundi cha walioacha ulevi

Tuseme kijana wako ana miezi minane hajagusa gongo wala unga. Kila wiki anashuka kutoka Mgeta hadi Morogoro mjini kukaa na wenzake walioacha. Leo anakwambia kikundi kimemchagua kuwa mjumbe, na mwezi ujao anatakiwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa kanda. Furaha na hofu vinakujia pamoja. Nauli atakayoshika itafika salama? Huko hatakutana na marafiki wa zamani?

Kwanza fahamu mkutano huo ni wa nini. Vikundi vya Alcoholics Anonymous (AA) vilianzia Akron, Marekani, mwaka 1935. Waanzilishi walikuwa wawili, mfanyabiashara na daktari, wote walevi. Narcotics Anonymous (NA), cha wanaoacha dawa za kulevya, kilifuata mwaka 1953. Hakuna kiingilio, sharti ni nia ya kuacha. Wanachama huitana kwa jina la kwanza tu, na gharama hulipwa kwa michango yao wenyewe.

Kwa kuwa kila kikundi kinajitegemea, wajumbe ndio hukaa pamoja kuamua mambo ya wote: wapi pafunguliwe kikundi kipya, vijitabu vitafsiriweje, michango itumikeje. Usidhani ni semina ya posho.

Kitabibu, mkutano huo una faida. Mraibu amezoea kuitwa mwizi na mwongo, na mara nyingi kijijini jioni hana pa kukaa isipokuwa kilabuni. Anapokabidhiwa ujumbe wa wenzake, anapata sababu ya kuamka akiwa timamu. Uchambuzi wa mwaka 2020 uliojumuisha tafiti 27 na washiriki zaidi ya 10,000 ulionyesha kuwa tiba zilizoandaliwa kumuunganisha mgonjwa na AA zilisaidia wengi zaidi kukaa bila pombe kabisa kuliko tiba nyingine za mazungumzo.

Hata hivyo, kikundi hakichukui nafasi ya hospitali. Kabla ya safari, hakikisha mambo matatu.

La kwanza ni dawa. Dawa ya methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili Februari 2011, hunywewa kila siku. Mgonjwa akisafiri bila kupanga na kliniki yake atakosa dozi, arosto itamshika, na unga utamwita. Aende kliniki mapema apangiwe atakapopata dozi. Vivyo hivyo kwa dawa za kifua kikuu na ARV. Na akikutana na mwanachama anayemwambia kuwa mtu wa methadoni bado hajaacha, asimsikilize. Methadoni ni tiba, na uamuzi wa kuipunguza ni wake na daktari wake.

La pili ni safari yenyewe. Asiende peke yake. Afuatane na mwenzake aliyekaa muda mrefu zaidi bila kilevi, na ajue atalala wapi. Kama una wasiwasi na fedha, kata tiketi pamoja naye, kwa heshima, bila kumsimanga. Akirudi, muulize kwanza walichokubaliana kabla hujamnusa mdomo. Na kwa familia za Kiluguru, ambako ukoo hufuata upande wa mama, mshirikishe mjomba. Neno lake lina uzito.

La tatu ni kwa yule ambaye bado anakunywa sana kila siku. Asikatishe pombe ghafla nyumbani ili tu awahi mkutano. Ndani ya siku mbili hadi tatu anaweza kutetemeka, kushikwa na kifafa na kuweweseka, na wengine hufa. Mpelekeni kituo cha afya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro, aache chini ya uangalizi. Kumfungia chumbani ni hatari.

Je, akianguka na kurudia? Hutokea, kama shinikizo la damu linavyopanda tena kwa mgonjwa aliyekuwa ametulia. Usimfukuze. Lakini jua hili: mwili uliokaa miezi bila heroini umepoteza uzoefu, na kiasi alichokizoea zamani sasa kinaweza kusimamisha pumzi. Ukimkuta haamki, anapumua polepole au anakoroma isivyo kawaida, na midomo imebadilika rangi, mlaze ubavu na mkimbize hospitali mara moja. Usimnyweshe maziwa wala maji. Mweleze mhudumu ukweli kuhusu alichotumia, kwa sababu ipo dawa ya kuokoa maisha, naloksoni, na kila dakika ina thamani.

Ukihitaji ushauri, zungumza na mhudumu wa afya wa kituo kilicho karibu nawe, au piga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.