Cheni za Tairi: Kabla Gari Halijazama

(Muziki wa kuingilia, sekunde 10, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Mvua imerudi, matope nayo yamerudi, kwa hiyo leo tunaongea habari ya cheni za kufunga kwenye tairi za gari. Najua wengine mtasema, sisi tunaotembea kwa miguu cheni ya gari inatuhusu nini? Subirini kidogo.

Msimu wa mvua uliopita nilipanda pikapu iliyokuwa inakwenda milimani, upande wa Kyondo, kumchukua mama mjamzito aliyekuwa na uchungu tangu usiku. Nyuma ya kiti cha dereva kulikuwa na gunia lenye cheni mbili, mpya kabisa, hazijaguswa. Nikamuuliza dereva, "Kaka, kwa nini hatuzifungi hapa chini?" Akanijibu kwamba tutazifunga tukikwama. Tulikwama kwenye kona ya tatu. Tukashuka, tukachimba, tukajaribu kuzifunga huku magurudumu yameshazama hadi nusu, na hapo ndipo tuligundua kwamba cheni hazifiki. Zilipungua pete mbili. Tairi za zamani zilikuwa zimebadilishwa, zikawekwa nyingine zenye upana zaidi, na hakuna aliyekumbuka cheni. Taniboi akaunganisha kwa waya. Tulipanda kama mita mia mbili, waya ukakatika, ncha ya cheni ikaanza kupiga chini ya gari pa! pa! pa!, na kabla dereva hajasimama ikakata mpira wa breki. Mungu ni mkubwa, tulikuwa tunapanda pole pole, na taniboi aliruka na jiwe akalikinga gurudumu.

Yule mama aliteremshwa na wanaume kwa machela, kwenye mvua. Aliondoka kwake asubuhi, akafika hospitali jioni. Ndiyo maana nasema habari hii inawahusu hata wasio na gari.

(Muziki, sekunde 5.)

MTANGAZAJI: Tuanze na cheni yenyewe. Tairi ikiingia kwenye matope laini, zile alama zake zinajaa udongo, inakuwa kama kisigino cha kandambili kilicholowa. Inazunguka tu, haishiki. Cheni inaweka vyuma vilivyolala kukatisha tairi, na uzito wa gari unavisukuma vikate tope la juu mpaka viguse udongo mgumu ulio chini. Shika neno hilo, udongo mgumu ulio chini. Nitalirudia baadaye.

Nchi za baridi wanatumia cheni kwa ajili ya theluji. Sisi theluji tunaiona kwa mbali. Asubuhi mawingu yakifunguka, ukiinua macho kwenye Rwenzori unaona weupe kule juu, na kilele cha Margherita kina mita 5,109. Wakonzo wanaiita nzururu, na jina la Rwenzururu limetoka hapo. Lakini hakuna gari linalofika huko. Kinachotufikia sisi ni maji yake na ya mvua, na tunayajua maji hayo vizuri, maana wengi wa kambi hii tuko hapa kwa sababu ya mto Nyamwamba kufurika Mei 2020.

Na msidhani cheni ni jambo la wazungu wa theluji peke yao. Mtu aliyeandikishiwa haki ya ubunifu wake ni Mmarekani Harry Weed, wa jimbo la New York, mwaka 1904. Inasemekana alipata wazo kwa kuwaona madereva wa wakati ule wakizungushia tairi zao kamba, hata mizabibu, ili wapite kwenye barabara za matope. Yaani kile ambacho vijana wetu wa boda boda wanafanya leo kwa kamba na vipande vya mpira wa ndani, ndicho kilichozaa cheni. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu.

Sasa kuchagua. Kosa la kwanza ni ukubwa. Cheni hainunuliwi kwa jina la gari, inanunuliwa kwa namba ya tairi. Inama utazame ubavuni mwa tairi. Kwa gari dogo utaona kitu kama 195/65R15. Hiyo 195 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni urefu wa ubavu, asilimia ngapi ya ule upana. 15 ni ukubwa wa rimu kwa inchi. Kwenye malori madogo na baadhi ya Land Cruiser utakuta namba za mtindo mwingine, kama 7.50-16: upana wa inchi saba na nusu, rimu ya inchi 16. Andika namba yote, usiandike ya mwisho peke yake. Tairi mbili zinaweza kuwa na rimu ya 15 zote na cheni ya moja isiingie kwenye nyingine. Na siku ukibadilisha tairi, cheni zipimwe siku hiyo hiyo, hapo hapo kwa fundi, kwenye kivuli. Sisi tulipimia mlimani.

Pili, umbo. Kuna cheni za ngazi, ambazo vyuma vyake vimekatisha tairi kama vipago vya ngazi. Hizo zinavuta vizuri sana kwenda mbele na nyuma, ila gari linaweza kuteleza kiubavu, na ukiwa kwenye mwinamo wa mlima kiubavu ndiko kwenye korongo. Kuna nyingine zilizosukwa mshazari, kama wavu. Hizo zinashika pande zote na hazitikisi gari sana. Kama mfuko unaruhusu na unapita barabara za ukingoni, mimi ningechukua za wavu. Halafu angalia unene wa chuma. Kuna cheni nyembamba zilizotengenezwa kwa theluji laini, mawe yetu yatazimaliza haraka. Zile soksi za kitambaa zinazovalishwa tairi huko Ulaya, usipoteze hela.

Tatu, nafasi. Ingiza mkono nyuma ya tairi, upande wa ndani. Kati ya tairi na springi, shokapu na mpira wa breki pana nafasi kiasi gani? Kama vidole vinabanwa, cheni nene itagonga. Yapo magari ambayo kitabu chake kinakataza cheni kabisa kwa sababu hiyo.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Swali ninaloulizwa sana hapa Muhokya: nifunge magurudumu gani? Jibu ni yale yanayosukumwa na injini. Lori kama Fuso au Canter linasukumwa na ya nyuma, kwa hiyo cheni nyuma. Magari mengi madogo, kwa mfano Ipsum, yanavutwa na ya mbele, kwa hiyo mbele. Nimewahi kuona mtu amefunga nyuma kwenye gari la kuvuta mbele, magurudumu ya nyuma yamevaa vizuri kama bwana harusi, na ya mbele yanazunguka bure. Kwa gari linalosukuma yote manne, soma kitabu chake. Yakiwezekana funga yote manne.

Na lazima iwe jozi, kulia na kushoto. Usifunge moja ukasema nitajaribu. Difu ya kawaida ina tabia mbaya: inapeleka mzunguko kwenye gurudumu lenye utelezi. Ukifunga kulia tu, la kushoto litazunguka na la kulia lenye cheni litasimama likitazama. Lori lenye tairi pacha nyuma linaweza kuvalishwa cheni ya tairi moja kwenye ile ya nje, au cheni pana inayofunika zote mbili. Ila kwanza chungulia katikati ya pacha, ondoa jiwe lililobanwa.

Kufunga sasa. Simama pahali pakavu na tambarare, kabla ya mlima. Breki ya mkono, injini izimwe, mawe chini ya magurudumu, na ufunguo akae nao yule anayefunga. Nalisisitiza hili kwa sababu ya vijana wetu mataniboi. Mkono wako uko ndani ya gurudumu, na bosi yuko kwenye usukani ana haraka.

Tandika cheni chini, inyooshe, ondoa mikunjo yote. Mdomo wa kulabu uangalie nje, usiangalie mpira, la sivyo utachana tairi. Ipandishe juu ya tairi, igawanye sawa pande mbili, ilale katikati. Toa mikono, jitenge kabisa, umwambie dereva asogee nusu mzunguko, halafu azime tena. Sasa ingia, funga kulabu ya ndani kwanza, ile usiyoiona, ndipo ufunge ya nje. Vuta mpaka iwe imebana. Hesabu pete zilizobaki upande wa ndani na wa nje, ziwe sawa. Pete zinazoning'inia zifungwe kwenye cheni yenyewe, zisiachwe zikicheza, maana ndizo zinazopiga bodi na breki. Mpira wa kukazia kama upo, uweke nje.

Wengine wanatoa upepo kwenye tairi ili cheni iingie kwa urahisi, kisha wanajaza. Usifanye hivyo. Tairi iwe na upepo wake wa kawaida tangu mwanzo.

Halafu nenda kama mita mia moja, usimame, ukaze tena. Cheni ikizunguka inajipanga na kulegea. Watu wengi wanaruka hatua hii kwa sababu mvua inawanyeshea.

Ukishafunga, endesha pole. Watengenezaji wengi wanasema usizidi kilomita 50 kwa saa, na mlima wetu haukuruhusu hata hizo. Gia ndogo, mafuta kidogo, usiyazungushe magurudumu kwa hasira, maana gurudumu linalozunguka bila kwenda linachimba shimo lake lenyewe, na lenye cheni linachimba haraka zaidi. Kuteremka ndiko kugumu. Mwenye cheni nyuma peke yake, mbele kunaweza kukataa kona. Mwenye cheni mbele peke yake, ukikanyaga breki ghafla mkia unakuja kukupita. Teremka kwa gia, si kwa breki.

Na lile neno la udongo mgumu chini. Shuka na fimbo, uichome kwenye tope. Ikigonga pagumu baada ya kiganja kimoja au viwili, cheni itakusaidia. Ikizama bila kugonga kitu, cheni itakuzamisha mpaka ekseli ilale juu ya tope. Hapo ni beleshi, mawe, matawi, au kugeuza gari mapema. Wenzetu waliopita njia ya Kasindi kwenda Beni kabla haijaanza kuwekwa lami wanajua malori yalivyokuwa yakilala humo, na humo kulikuwa na madereva wenye cheni pia.

Kwa boda boda: kamba au vipande vya mpira vinafungwa gurudumu la nyuma tu, kupitia katikati ya spoku, na fundo likae ubavuni. Zungusha gurudumu kwa mkono mzunguko mzima kabla ya kupanda, uone kama kamba haigusi mnyororo wala breki. Gurudumu la mbele liache.

Ukifika kwenye lami ya Kasese–Mpondwe, fungua cheni hapo hapo kwenye makutano. Juu ya lami chuma kinalika, pete zinakatika, lami inakwaruzwa na gari linashika breki vibaya.

Kuna familia inayosubiri kupelekwa Marekani iliyoniuliza kama huko nako watakutana nazo. Ndiyo, mkifika majimbo ya milima. Colorado, kwa mfano, malori ya biashara kwenye barabara kuu ya I-70 ya milimani lazima yabebe cheni kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31, hata siku ya jua. Ulaya, alama ya bluu ya mviringo yenye picha ya tairi iliyovaa cheni maana yake usipite hapa bila kuzifunga. Kijana aliyejifunza kwenye matope ya Kyondo hatashindwa.

Mwisho, kutunza. Cheni zikitoka kwenye tope zioshwe, zikauke, zipakwe mafuta kidogo hata ya injini yaliyotumika, pete zilizolika zitazamwe, ndipo zirudi kwenye gunia. Ile pikapu yetu nimeiona wiki hii. Mpira wa breki ni mpya, cheni ni nyingine, na juu ya gunia dereva ameandika namba ya tairi kwa rangi nyeupe. Nilipomuuliza anazifungia wapi siku hizi, alinionyesha mwembe ulio pale njia inapoiacha lami.

(Muziki wa kutokea.)