Maji ya tope: uliza kwanza chembe imeundwa na nini

Mvua ndefu zinapoteremka kutoka Mlima Elgon na vilima vya Cherangani, mito inayoingia Nzoia hubeba udongo, na kati ya Kibomet na Bungoma ndoo hujaa maji ya kahawia. Mchanga huzama upesi, lakini rangi haiondoki hata maji yakilala usiku kucha. Kilichobaki ni koloidi, yaani chembe zenye ukubwa wa takriban nanomita 1 hadi 1,000. Shuleni koloidi hupangwa kwa hali ya maada: yabisi katika kioevu, kioevu katika kioevu, na kadhalika. Kwa mwenye ndoo, naona lina faida zaidi swali la chembe imeundwa na nini. Chembe za udongo ni atomi nyingi zilizoshikamana. Zina chaji hasi, basi zinasukumana na haziungani. Shabu huleta alumini yenye chaji chanya, msukumano hupungua, na tope hujikusanya mabonge yanayozama. Wanga wa uji ni kundi jingine: kila molekuli ni kubwa kiasi cha kuwa koloidi peke yake, nayo inapatana na maji, hivyo haianguki kirahisi hivyo. Sabuni ni ya tatu. Molekuli zake ni ndogo, ila zikizidi kiwango fulani hujikusanya vishada vinavyokumbatia mafuta. Ukiongeza maji mengi, vishada hutawanyika tena.

Atakayetetea mpango wa shule atataja maziwa, ambayo ni matone ya mafuta ndani ya maji. Kweli, na hilo linaeleza malai. Halielezi mala: kinachoganda pale ni protini ya kasini, ambayo asidi ya bakteria huipokonya chaji yake. Wengine watasema kuchemsha kunatosha. Kuchemsha huua vijidudu, sikatai, japo kuni na makaa si bure. Anayetegemea klorini hawezi kulipuuza tope, kwa sababu uchafu huila dawa na kuwakinga vijidudu. Wala maji yaliyong'aa kwa shabu si salama bado. Shabu huangusha tope, haichukui nafasi ya dawa. Tuliza maji kwanza kwa shabu, mimina maji ya juu ukiyachuja kwa kitambaa safi, kisha tia klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na usubiri dakika 30 kabla ya kunywa.