Lenzi ya Kupigia Ua Dogo

Anayeniuliza anunue lenzi gani ya kupigia maua, nami humuuliza: ua lenyewe lina ukubwa gani? Chukua urujuani wa Usambara, ambao mbegu zake Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alizipeleka kwao mwaka 1892. Leo umejaa madirishani Ulaya na Marekani, lakini kwao ni huku, kwenye miamba yenye unyevu na kivuli cha misitu kama ya Amani. Ua lake lina upana wa sentimita mbili, tatu hivi.

Lenzi ya makro huweza kulichora ua kwenye sensa kwa ukubwa wake halisi. Sensa ya kamera kubwa ina milimita 36 kwa 24, kwa hiyo ua hilo linajaza picha nzima na jani lake lenye vinyweleo linabaki nje. Mimi nalitaka jani, na jiwe pia. Nusu ya ukubwa halisi inanitosha mara nyingi, na kuifikia hakuhitaji mamilioni: lenzi ya kawaida ya milimita 50, ukiifungia pete ya milimita 25 kati yake na kamera, inafika. Pete hiyo haina kioo ndani. Kazi yake ni kuisogeza lenzi mbali na sensa.

Tatizo ni kwamba nawe unalazimika kulisogelea ua sana, na kivuli chako kinaliangukia. Hapo ndipo ninapoitetea makro ya milimita 100 kwa mwenye uwezo. Hata kwenye ukubwa halisi inakuachia sentimita 14 hivi mbele ya kioo, wakati ile ya milimita 60 inakuachia chini ya 10.

Halafu kuna suala la fokasi. Kwenye ukubwa halisi, hata kwa f/8, sehemu inayotoka safi ina unene wa milimita moja tu: vifuko viwili vya manjano vya chavua vinaonekana vizuri, ncha za petali zimeshapotea. Ukirudi kwenye nusu unapata kama milimita tatu. Kwa ua, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Pesa ya kwanza, hata kabla ya lenzi, iende kwenye stendi imara ambayo miguu yake inatanuka hadi kamera ikaribie ardhi. Msituni mwanga ni hafifu, kamera hufungua kwa muda mrefu, na mkono wa mtu hautulii kiasi hicho. Tumia kuchelewesha kwa sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise. Flashi ya moja kwa moja inaiua rangi ile. Karatasi nyeupe iliyoshikwa pembeni inatosha kurudisha mwanga chini ya petali. Na kabla ya kutua miguu ya stendi, angalia vizuri pale chini: baadhi ya aina za urujuani huu ziko hatarini kutoweka, na miche yake ni midogo kuliko ukucha.