Tairi Gumu Si Lazima Liwe Jepesi

Kwa mafundi wa baiskeli wa Mtopanga au Mtongwe, hapa Mombasa, agizo la wateja wengi ni moja: "Fundi, jaza mpaka iwe jiwe." Fundi hupiga pampu, akabonyeza tairi kwa kidole gumba, akaongeza mapigo mawili matatu, basi. Mteja huondoka akiamini kwamba ugumu ndio wepesi. Kwenye lami laini imani hiyo ina ukweli wake. Lakini katika mitaa ya Likoni, Kisauni na Changamwe, mwendesha baiskeli huanza na kabro, akaingia marumu yenye mashimo, akazama kidogo mchangani, akapanda jiwe la matumbawe lililochomoza katikati ya njia, ndipo akaiona hiyo lami.

Tairi la upepo lilibuniwa kwa ajili ya njia mbovu kama hizo. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo kutoka Uskoti aliyekuwa akiishi Belfast, alilitengeneza mwaka 1887 kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Mskoti mwenzake, Robert William Thomson, alikuwa na hataza ya wazo hilo tangu miaka ya 1840, ila halikushika. Mwaka 1889 mwanamashindano Willie Hume alifunga matairi ya Dunlop na kuwashinda pale Belfast waliokuwa wakiendesha mpira mgumu. Kitu kilichotafutiwa starehe kikaleta na kasi.

Siri ya kasi hiyo ni hii. Gurudumu linapogonga jiwe, tairi lenye upepo wa kadiri hubonyea, jiwe likapita, tairi likarudi lilivyokuwa. Tairi lililojazwa kupita kiasi halibonyei. Badala yake huinua baiskeli nzima pamoja na aliye juu yake. Nguvu iliyotoka miguuni kwenda mbele huenda juu, kisha huishia katika mtikisiko wa viganja, mabega na nyama za mwili. Tairi laini nalo lina hasara yake, maana mpira unaokunjwa na kukunjuka kila mzunguko hupoteza nguvu kama joto. Hasara hizi mbili zina mahali zinapokutana, na ukishapita hapo kila pigo la pampu linakuchelewesha. Kadiri njia inavyokuwa mbovu ndivyo mahali hapo panavyokuja mapema.

Hata wanamashindano wakubwa wamelikubali jambo hili, tena si zamani sana. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliposhinda Tour de France mwaka 2013, matairi ya kawaida ya mashindano hayo yalikuwa ya milimita 23 hadi 25. Siku hizi milimita 28 na zaidi ni jambo la kila siku, na katika Paris-Roubaix, yenye vipande virefu vya barabara ya mawe, hutumika mapana zaidi ya hapo.

Sasa tuje kwa mzigo, kwa sababu baiskeli nyingi za hapa ni vyombo vya kazi. Presha ya PSI 50 ni sawa na kilo 3.5 kwa kila sentimita mraba. Tuseme gurudumu la nyuma limebeba kilo 55: tairi litabonyea mpaka liguse ardhi kwa takriban sentimita mraba 16. Ongeza mitungi miwili ya maji ya lita 20 kwenye keria. Zile kilo 40 karibu zote zinaangukia nyuma, na eneo linaloguswa linafika sentimita mraba 27. Ili kulirudisha kwenye 16 ingebidi kujaza hadi PSI 86, na matairi mengi ya baiskeli nzito hayaruhusu hivyo. Anayebeba mzigo hahitaji tairi gumu tu, anahitaji tairi pana, lenye nafasi ya kubonyea bila rimu kugonga chini.

Dalili ya rimu kugonga anaijua kila fundi. Mwiba au waya wa tairi la lori, ambao haukosi kando ya barabara za makontena za Changamwe, hutoboa tundu moja. Tyubu iliyobanwa kati ya rimu na jiwe hutoka na matundu mawili yaliyokaa sambamba. Tundu moja linataka kiraka. Matundu mawili yanataka kiraka, na pia upepo zaidi au tairi pana zaidi.

Upana na upepo huenda kinyume. Mtu wa kilo 70 asiye na mzigo anaweza kuanza na PSI 80 hivi kwenye tairi la milimita 25, kama 40 au 45 kwenye la milimita 40, na 30 kwenye la milimita 50, kisha akapunguza au kuongeza kwa kuonja njia yake. Ndiyo maana kidole gumba hudanganya: kwa presha ile ile, kitambaa cha tairi pana huvutika zaidi, kwa hiyo huhisiwa gumu kuliko jembamba.

Tairi la mbele lijazwe upepo mdogo kuliko la nyuma, kwani limebeba uzito mdogo. Likiwa jiwe, hurukaruka kwenye kona ya kokoto na usukani ukakosa utulivu. Likilegea mno, baiskeli huwa nzito kugeuza na huyumba ukikata kona kwa kasi. Mchangani, kama kwenye njia za karibu na ufuo wa Shelly, tairi jembamba huchimba na kugeuka lenyewe. Pana lililopunguzwa upepo huelea. Ndivyo ilivyo pia kwenye njia za msitu wa Bamburi.

Masika je? Wengi hutafuta tairi lenye meno mengi wakiogopa kuteleza juu ya maji. Fomula iliyotokana na utafiti wa NASA kuhusu matairi ya ndege inaonyesha kwamba tairi la PSI 36 huanza kuelea juu ya maji kwenye kasi ya karibu kilomita 100 kwa saa, kasi ambayo baiskeli ya kawaida haifiki. Kwenye lami, basi, meno hayo ni mapambo. Kwenye matope yana kazi.

Tatizo ni kupima. Vali ya zamani yenye kijimpira ndani, inayoitwa pia vali ya Dunlop, haisomeki kwa urahisi kwa kipimo cha kawaida. Mmarekani Frank Berto alipendekeza njia isiyotegemea kipimo: tairi libonyee asilimia 15 ya kimo chake. Panda baiskeli na mzigo wako, mwenzako apime kwa rula kutoka ukingo wa rimu hadi chini, kabla na baada. Kwa tairi la milimita 40, tofauti iwe milimita 6 hivi.

Kabla ya kununua tairi pana, angalia kama litapita kwenye fremu, uma na breki bila kukwaruza. Halafu usiiamini namba 28 peke yake. Tairi la baiskeli ya Black Mamba la 28 x 1½ hukaa kwenye rimu ya milimita 635, ilhali baiskeli nyingi za mtumba kutoka Ulaya, nazo zikiitwa 28, zina rimu ya 622. Hayo mawili hayaingiliani, kama ambavyo 26 x 1.95 haliingii kwenye rimu ya 26 x 1⅜. Tafuta ubavuni namba kama 40-635: ya kwanza ni upana, ya pili ni rimu. Mwonyeshe muuza duka hiyo ya pili kabla hujalipa.