Ngano ya Narok na Nyumbu wa Loita

Nyumbu wakitajwa, wengi huwaza makundi ya Serengeti yanayovuka Mto Mara. Lakini Kaunti ya Narok ina nyumbu wake, ambao kiangazi hukimbilia Maasai Mara na mvua zikinyesha hurudi kuzaa kwenye nyasi fupi za Nyanda za Loita. Mwaka 1977 walikadiriwa kuwa karibu 120,000. Kufikia 1997 walibaki takriban 22,000. Pigo kubwa halikutoka kwa majangili. Walipoteza mahali pa kuzalia.

Wazee wa Kimaasai walichunga kwenye nyanda hizo bila kuzilima, na ujirani wao na nyumbu uliwagharimu. Ndama wachanga wa nyumbu hueneza virusi vinavyoua ng'ombe, kwa hiyo msimu wa kuzaa wachungaji waliondoa mifugo na kuwaachia nyumbu malisho mazuri kuliko yote. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu ardhi ilikuwa ya wote na ng'ombe walikuwa na pa kwenda.

Watoto wao waliingia kwenye ranchi za kikundi, ambazo baadaye ziligawanywa kwa hatimiliki. Wenye matrekta na kombaini wakaja kukodi. Katikati ya miaka ya 1990 ngano ilikuwa imetanda hekta zipatazo 50,000, na pale nyumbu walipokuwa wakizalia pakawa mashamba. Kodi hiyo iliingiza fedha taslimu katika familia ambazo ukame ungeweza kuzimalizia mifugo. Si haki kuzilaumu.

Wajukuu sasa wamegawanyika. Baadhi wanazungushia vipande vyao uzio wa waya, na njia za wanyama zinazibwa. Wengine wameunganisha ardhi kuwa hifadhi za jamii, kama Ol Kinyei mwaka 2005 na Naboisho mwaka 2010, ambako wawekezaji wa utalii huwalipa wenye ardhi kodi na ng'ombe huchungwa kwa mpangilio.

Njia hii ya pili ndiyo inayostahili kuungwa mkono, tena ianzie kwenye maeneo ya kuzalia. Babu aliweza kubeba hasara ya nyumbu kwa sababu alikuwa na nyanda nzima. Mjukuu mwenye ekari chache hawezi. Anayemwachia nyumbu ardhi yake alipwe si chini ya anayepanda ngano, na alipwe hata mwaka ambao watalii hawakuja.